Buku ya kazi ya koko: MGL, SOMINKI, na ile Kamituga batu banasema "ilikufa"

NyotaWaKadutu
Jambo bandugu. Uzi ni murefu, mwenye haraka apite.

Kisha matanga ya koko (babu yetu) tulikuwa tunapanga vitu vya nyumba yake hapa Kadutu, Bukavu, na chini ya sanduku tukapata buku yake ya kazi, ile kitabu kidogo bazungu balikuwaka banapana ku kila mutu wa kampuni. Kartoni imeoza na maji, karatasi zinabanduka. Ndani kuko jina yake, kwao (Walungu, ku Ngweshe), jina ya chefu, na chapa ya MGL Kamituga. Kisha karatasi kama tatu hivi za mbele naona chapa ingine: SOMINKI. Mwandiko wa mutu mwengine, rangi ya wino ingine, lakini kazi ni ile ile na kampi ni ile ile.

Sisi bajukuu tulijuaka tu kama koko "alitumika ku mini", machimbo ya dhahabu ya Kamituga, basi. Hakukuwaka mutu wa masolo (maongezi) mingi. Mimi nikafikiri aliacha kampuni moja akaenda kutafuta ingine, mujomba wangu anabisha, anasema koko hakuhamaka hata kitanda, aliingia kazi kijana na akatoka muzee paka pale pale. Sasa nani njo anasema kweli? Na ile fasi leo iko namna gani, juu hapa Bukavu ninasikiaka tu banasema mini ya Kamituga ilikufa zamani.

MwanaMwenga
Pole ya koko, yaya Nyota.

Mujomba wako njo anasema kweli. Koko hakubadilisha kampuni, kampuni njo ilibadilisha jina juu ya kichwa yake. MGL ni Minière des Grands Lacs, ya bazungu ba Ubeleji, kikundi cha Empain, bale bale ba reli ya CFL. Mwaka 1976 bakachanganya makampuni tisa ya Kivu na Maniema bakafanya moja, bakaiita SOMINKI, Société Minière et Industrielle du Kivu. Empain akabaki na 72 kwa mia, Serikali ya Zaïre 28. Koko yako aliamuka asubui na boss mupya, akashuka ku shimo lile lile na lampi ile ile.

Halafu ile ya kusema "ilikufa", mimi nacheka tu. Fika Kamituga saa kumi na moja ya asubui usikilize vinu vya kutwanga jiwe, utaniambia kama ile ni maiti. Kampuni njo ilikufa, dhahabu haikupewa taarifa.

DonBaguma243
Kuko mutu ana mali (dhahabu) ya kuuza? Safi, nalipa vizuri. Inboxi.

MwanaMwenga
@DonBaguma243 papa hapa tunazungumuza matanga ya muzee wa watu. Na "mali safi" ya inboxi tunaijua, ni shaba ya robine mulisaga na tupa. Utoke.

FundiFiloni
Niongeze kidogo juu nilisoma mambo ya mini na nilifanya staji kule Kamituga.

MGL ilizaliwa 1923. Dhahabu ya kule ikaonekana kwanza ndani ya mito, miaka ya 1920 ile, na miaka ya 1930 njo kazi ikapamba moto. Mwanzo ni kuosha tu muchanga wa muto na wa mabonde, kazi ya mikono mingi. Halafu ukifuata dhahabu ya muto kwenda juu unafika ku mama yake, ni filoni, ule mushipa wa jiwe nyeupe unaoingia ndani ya mulima. Pale kuosha hakutoshe tena, unapasha kutoboa, unaweka baruti, unapiga galeri, njia ya chini ya udongo, unashikilia kichwa ya galeri na miti, unatosha jiwe na vagoni, unapeleka ku izini (kiwanda) kusaga. Mobale njo ile ya chini ya udongo, kila mutu wa Kamituga anaijua.

Na izini haisagi bila kura (umeme). Kampuni ikajenga sentrali ya maji ku Mungombe, juu ya ile tu. Kwa hiyo kule porini, 180 km na barabara ya matope toka Bukavu, kulikuwa taa wakati sehemu mingi za hii Kongo hazijaonaka hata balbu.

Yaya Nyota angalia ku ile buku kama kuko neno fond ao surface. Kama ni fond koko alikuwa wa chini.

NyotaWaKadutu
@FundiFiloni kuko. "Fond". Sijajuaka maana yake. Mama yangu amesikia hii neno akanyamaza kabisa, anasema njo maana muzee alikuwaka anakohoa usiku na hakupendaka mulango wa chumba ufungwe.

FundiFiloni
Ee. Vumbi ya kutoboa lile jiwe jeupe inaingiaka ku mapafu na haitoke. Pole sana.

MutotoWaKampi
Mimi nilizaliwa ku kampi ya SOMINKI niseme yangu, batu basinitukane.

Kampi ilikuwa nyumba za matofali kwa mustari, zote sawa, kila moja na namba. Kulikuwa lopitali ya kampuni, masomo ya kampuni, kantini ya kampuni. Posho ikifika tulikuwa tunajua siku hata bila kalendari juu mama zote banatoka na mabeseni: bunga, maharagi, mafuta ya ngazi, chumvi, makayabo. Ngonga (kengele) ilikuwa inalia, papa anaenda, ngonga inalia, papa anarudi, uso yote ni udongo unaona paka macho. Jioni taa zinawaka kwa kampi, na kule ngambo ya bonde ku vijiji ni giza. Sisi batoto tulikuwa tunafikiri dunia yote iko na ngonga.

Na kiswahili hiki ninaandika nilikipata kule. Kwa mustari wetu jirani wa kuume Mulega, wa kushoto Mushi, nyuma yetu Mubembe, na mwengine alitokeaka mbali zaidi. Hakuna mutu angepika maharagi na kilega peke yake.

Leo ile nyumba yetu iko na shimo ndani ya sebuleni. Sisemi kwa mufano, ni shimo la kweli, mwenye nyumba alitoboa sakafu akashuka kutafuta dhahabu.

Mulega_wa_Zamani
Mutoto wa kampi anatupigia ngonga hapa, sawa. Mimi ni wa ngambo ya bonde ile yenye giza.

Museme yote. Ile udongo ilikuwa na benyewe mbele ya taa. Ni inchi ya Balega, Wamuzimu, na Balega balikuwa na Bwami, chama chao cha heshima, mutu anapanda daraja kwa daraja, na hekima, na pembe, na sanamu zile leo ziko ku vioo vya ma-mize (makumbusho) kule Ulaya na batu banalipa kiingilio kuziona. 1948 utawala wa Babeleji ukaikataza Bwami, bakasema ni hatari. Hatari ya nini? Mutu ambaye ukubwa wake unatoka kwa bazee bake hawezi kumutetemekea kapita (nyapara) wa kampuni, njo ile hatari.

Halafu mashamba yetu yakawa konsesiyo, udongo wa kampuni. Mutu analala mwenye shamba anaamuka mupangaji. Ukiokota jiwe ku muto wa babu yako, wewe ni mwizi. Bazee betu bengi hawakukimbilia ile kazi ya shimo, njo maana kampuni ilienda kutafuta batu Bushi na mbali zaidi. Simukasirikie koko ya dada Nyota, yeye alisukumwa na kodi sawa wengine bote. Lakini muniwache kulilia kampuni, mimi sina machozi yake.

MutotoWaKampi
@Mulega_wa_Zamani mukubwa sikukataa. Mimi nasema nilichoona na macho ya mutoto. Lakini kisha kampuni kuondoka, ngambo yenu ilipata taa?

Mulega_wa_Zamani
Hapana. Na kwenu ikazimika. Sasa tuko sawa 😂

KigomaBoy_Uvira
Habari wakuu, mimi nimekulia kambini Tanzania kwa hiyo Kiswahili changu mnisamehe. Marehemu baba alikuwa akisimulia habari za "maninja" wa Kamituga, nikawa nafikiri ni filamu za karate. Kuna anayejua?

MwanaMwenga
Haha banaruhusiwa kucheka lakini ni historia ya kweli hiyo.

Sikiliza. Mbele, ukikamatwa na dhahabu ku mufuko ni buloko (jela) moja kwa moja. 1982 Mobutu akafungua, sheria ikasema raia anaweza kuchimba na kuuza. Lakini ilisema nje ya konsesiyo za makampuni. Na kule kwetu konsesiyo iko wapi? Ni kila fasi, ulipo simama ni konsesiyo. Kwa hiyo uhuru ulikuwa ku redio tu.

Njo vijana bakaanza kuingia usiku ndani ya galeri za SOMINKI, kimyakimya, na tochi ku kichwa, banapita na mashimo ya hewa, banafungula njia za zamani. Batu bakabaita baninja. Sasa jiulize kijana wa kijiji alijuaje filoni inapinda wapi, galeri gani iko na maji, fasi gani miti imeoza? Ni muzee wa kampuni njo alimuonesha. Mushahara haufike, ao unafika lakini zaïre (franga ya wakati ule) imeanguka hata haununue sabuni, basi muzee anauza kile anajua: njia. Mchana anatumikia kampuni, usiku anachora ramani ku udongo na kijiti, asubui anafuta na muguu.

Mi nasemaka hivi, bazungu balibeba makaratasi, lakini plani ya mini ilibakia ndani ya vichwa vya bazee ba fond. Kamituga ya leo ilisimama juu ya ile.

FundiFiloni
@MwanaMwenga kabisa, na kuko kitu batu banasahauka: SOMINKI haikuuliwa na dhahabu, iliuliwa na bati. Kampuni ile ilikuwa ya kasiterite zaidi, lile jiwe la bati, Kalima, Kampene na kule kwote Maniema. Mwezi wa kumi 1985 lile baraza la kimataifa lilikuwa linashikilia bei ya bati likaishiwa franga, bei ikaanguka sawa jiwe ndani ya shimo. Mutu wa Kamituga hajaonaka hata London ku picha, lakini bei ya soko la London ikamukata posho. Tangu pale ni kudidimia tu, mashini hazitengenezwi, mafuta hakuna, kisha vita ya 1996.

AvokaWaMazembe
Kwa mwenye anaandika majina ya kampuni, mukamilishe basi juu koko angekuwa mzima angepata chapa ingine nyingi. 1996 Banro, ya Kanada, ikaingia kununua. 1997 SOMINKI ikafungwa, ikazaliwa SAKIMA. Mwisho wa mwezi wa saba 1998 Kabila muzee akafuta mapatano ya SAKIMA na akaweka SOMICO ya serikali, na tarehe 2 mwezi wa munane, ni siku mbili tatu tu, vita ya RCD (baasi) ikalipuka. Kwa hiyo SOMICO ilikuwa na karatasi Kinshasa na dhahabu iko upande wa pili wa fronti. 2002 mapatano na Banro, ikarudishiwa konsesiyo zake: Twangiza, Lugushwa, Namoya, Kamituga. Twangiza ikajengewa izini, dhahabu ya kwanza ikatoka 2011. Namoya ikafuata. Kamituga ilibakia kutobolewa tobolewa kwa utafiti, izini hakuna.

Hesabu: MGL, SOMINKI, SAKIMA, SOMICO, Banro. Na bazee ba SOMINKI miaka na miaka banadai dekonti (malipo) yao ya mwisho. Kila jina mupya linasema deni ni ya jina la zamani.

MutotoWaKampi
Ile vita sipendi kuongea mingi. Mwenye amepita barabara ya Kasika, kule batu bengi baliuawa, anajua juu ya nini. Mwezi wa munane 1998. Tuendelee.

MamaTwanga
Batoto bangu naona munaongea paka habari za banaume chini ya shimo. Nani alisaga?

Mimi nilifika Kamituga kisha bwana yangu kufa, na batoto bane, sina shamba, sina kitu. Bakanionesha kinu cha chuma na mutwangio wa chuma, ile inapimaka sawa mutoto wa miaka mbili. Unakaa chini unatwanga jiwe mpaka inakuwa bunga, jiwe inakurukia machoni, vumbi nyeupe ku nywele unakuwa sawa muzungu. Kazi ya jiwe ngumu ya beseni moja ni siku nzima. Batu banatuita batwangeze, nasi tulikubali jina. Kuko na bamama ba bizalu, bale banachukua muchanga ulioisha kuoshwa wanaosha tena, na ukweli ndani yake kunabaki kitu kila mara, banaume hawana uvumilivu.

Kwa tola moja ya dhahabu, gramu 11,66, huwezi kujua mikono ngapi ya bamama imepita pale. PDG anasema "nimepata". Amepata nani?

Nilisomesha batoto na kile kinu. Mukubwa ana diplome ya leta (ya Serikali).

Halafu mashini za kusaga zikaingia, konkaseri, mapipa yanazunguka na bipande vya chuma ndani. Kazi ya wiki yangu mashini inamaliza kabla ya chai. Mwenye mashini ni mutu wa franga, si mama mujane. Bamama benzangu bengi bakafukuzwa na ile kelele, bengine banauza sasa mukate ku mulango wa konkaseri. Mimi nilirudi Bukavu na magoti mabovu, nauza makala ku Nyawera.

NyotaWaKadutu
Mama, asante sana. Hii sikuijua kabisa. Nitakuja kununua makala kwako, haki ya Mungu.

KigomaBoy_Uvira
Shikamoo mama. Naomba kuuliza, huyo PDG ni nani? Mkurugenzi wa kampuni?

MamaTwanga
Marahaba mwanangu. Kule PDG ni mwenye shimo. Anaweza kuwa na ndala zimepasuka lakini ni PDG. Yeye njo analisha bakrezere (bachimbaji), ananunua miti ya kushikilia galeri, pompi ya kutosha maji, mafuta ya pompi. Miezi mingine anakula madeni tu. Siku jiwe linatoka, kwanza banatosha gharama, kisha banagawana yeye na timu. Mutu anaweza kuimba PDG leo, kesho anaomba chumvi kwa jirani.

MwanaMwenga
Na juu ya pompi na miti, musisahau 11 mwezi wa kenda 2020. Mvua kubwa, mashimo matatu ku site ya Détroit yakajaa maji, bakafa batu wasiopungua hamsini, vijana bengi bao. Tulisimama pale na karai tunatosha maji ya muto mzima. Mimi nilikuwa na rafiki mule. Siandike zaidi.

AvokaWaMazembe
Pole mukubwa.

Na tangu ile dunia inatujua paka kwa mabaya. 2023 ugonjwa wa mpox, ile aina mupya, ikaonekana Kamituga, na mwezi wa munane 2024 OMS (shirika la afya la dunia) ikatangaza hatari ya dunia yote. Wanahabari bakafika, bakapiga picha za matope, bakarudi. Hakuna aliyeuliza ile mugini (mji) ilifikaje pale. Ni kampi ilipanuka bila kampuni: batu banaingia banatoka kila siku na maji ya bomba ni ya kutafuta. Tangu 2013 kwa dekre banaiita vile (mji), ville kabisa, na meya. Vile bila taa.

Mulega_wa_Zamani
Majina ya kartie (mitaa) peke yake ni kitabu. Poudrière, jina lajieleza, ni nyumba ya baruti ya kampuni. Batu banaoa, banazaa, banazika, na anwani yao ni stoki ya dinamiti.

NyotaWaKadutu
@Mulega_wa_Zamani Poudrière umesema?? Subirini.

...

Nimerudia. Ku karatasi ya mwisho ya buku, chini kabisa, kuko mwandiko wa kalamu ya mawe, si wa karani, ni wa koko mwenyewe nadhani, juu herufi zinalala lala. "Pudriel" na namba. Siku zote tulisoma "Gudriel" tukafikiri ni jina ya rafiki yake, mujomba alikuwaka hata anamutafuta huyu Gudriel ku matanga atupe masolo ya muzee 😭😂

MwanaMwenga
😂😂 Gudriel wa Ngweshe. Dada ile ni anwani. Tuma namba ya nyumba, si hapa, inboxi. Kuko bazee babili ba fond wangali hai nakaa nao karibu, mumoja haoni lakini kichwa iko wazi, ukimupa jina ya mutu anakwambia na timu yake na kapita wake na alikuwa anatumia mukono gani.

NyotaWaKadutu
Nimetuma. Nataka nije mwenyewe na mama. Barabara iko namna gani?

MwanaMwenga
Mwezi huu wa mvua? Siku mbili na Fuso kama Mungu anapenda, siku nne kama dereva anapenda. Moto (pikipiki) inafika haraka lakini si ya mama. Mukuje mwezi wa saba. Mulete buti za mupira, na kama kuko picha ya koko kijana, mulete na ile, ya muzee haitasaidia, hakuna mutu kule alimuona na mvi.

NyotaWaKadutu
Picha iko moja. Amesimama na banaume wengine saba mbele ya ukuta, bote bameweka mikono nyuma. Hatujui hata ni wapi.

MutotoWaKampi
Ukuta una dirisha za duara juu?

NyotaWaKadutu
Ee. Mbili.

MutotoWaKampi
Ni kantini. Leta hiyo picha.